Pedi ya gemu haikuiua Titan: jinsi hitilafu za usukani chini ya bahari zinavyopimwa

Juni 2023, chombo cha Titan kilipopotea kikiwa kinashuka kuelekea mabaki ya meli ya Titanic, picha iliyosambaa kuliko zote ilikuwa ya pedi ya kuchezea gemu. Titan iliendeshwa kwa pedi ya namna hiyo: ndogo, ya bei nafuu, isiyo na waya, ambayo kijana yeyote angeweza kuinunua dukani. Ndani mlikuwa na watu watano. Hata kabla mabaki ya chombo hayajaonekana, hukumu ilikuwa imeshatolewa mitandaoni na vijiweni: mtu anawezaje kushuka mita 3,800 chini ya Atlantiki akishika kitu cha kuchezea?

Hasira hiyo naielewa, lakini iliangukia mahali pasipo pake. Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani iliyotolewa Agosti 2025 ilitaja usanifu usiofaa wa chombo, ukosefu wa uthibitisho wa kitaalamu, na ukaguzi na matengenezo yasiyotosha. Gamba la nyuzi za kaboni lilishindwa kuhimili shinikizo la maji likapondeka ghafla. Ripoti ikasema wazi kwamba ajali hiyo ingeweza kuzuilika. Pedi haikuwa chanzo.

Bado nasikia watu wakisimulia kwamba Titan iliuawa na rimoti ya gemu, na linaniuma kwa sababu mbili. Linawapa nafuu waliopuuza gamba. Pia linatufanya tudhani kwamba usukani salama ni ule unaoonekana mzito na wa gharama kubwa. Hitilafu za usukani chini ya maji ni jambo la kweli na limewahi kuwafikisha mabaharia ukingoni mwa kifo. Ila wanaozipima hawaangalii sura ya kifaa. Swali lao ni hili: kikikwama sasa hivi, chombo kitakuwa wapi baada ya nusu dakika, na waliomo watakuwa bado na la kufanya?

Usukani unaogeuza pande zote

Nahodha wa jahazi anageuza chombo kushoto na kulia tu. Kupanda na kushuka si kazi yake, maji yanambeba. Chini ya bahari kazi hiyo nayo inamwangukia mwendeshaji, na inafanywa na vitu vitatu vinavyosaidiana.

Kuna mapezi, yaani mabapa yanayogeuka, ambayo mengi hufungwa tezini, yaani nyuma ya chombo. Yaliyosimama wima huelekeza chombo kushoto au kulia, na yaliyolala huinua au kuinamisha omo, yaani sehemu ya mbele. Kuna rafadha, yaani mapanga yanayozunguka na kukisukuma chombo. Vyombo vingi vidogo havina mapezi yanayogeuka, hivyo hugeuka kwa kuongeza nguvu ya rafadha ya upande mmoja na kupunguza ya upande wa pili. Titan ilikuwa katika kundi hilo. Halafu kuna farumi, yaani uzito wa kuzamia. Nyambizi kubwa zina matangi yanayojazwa maji ili zizame, kisha hupulizwa hewa yenye nguvu ili maji yatoke zipande. Vyombo vidogo hubeba vipande vya chuma ambavyo hudondoshwa wakati wa kurudi juu.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo moja la kushika, kwa sababu karibu kila kitu kingine kinalitegemea. Pezi lina nguvu pale tu maji yanapopita juu yake, na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya pezi inaongezeka mara nne. Chombo kikisimama, pezi halifanyi lolote hata ukiligeuza mpaka mwisho. Kwa hiyo kwenye mwendo mdogo farumi ndiyo inayotawala, na kwenye mwendo mkubwa mapezi ndiyo yanayotawala, kwa wema au kwa ubaya.

Hapa ndipo dhana moja maarufu inapovunjika, ile kwamba injini ikizima chini ya maji basi chombo kinazama kama jiwe. Chombo kilichopangwa vizuri huwa na uzito unaokaribiana sana na wa maji kinayoyasukuma pembeni, hivyo kikizimika hubaki kikielea pale pale katikati ya maji au kusogea polepole. Roboti nyingi za utafiti hutengenezwa ziwe nyepesi kidogo kuliko maji kwa makusudi, ili umeme ukiisha zipande zenyewe hadi juu.

Hitilafu ni kitu kimoja, hatari ni kingine

Hitilafu ni kifaa kushindwa kufanya kazi yake. Hatari ni mambo mawili yakichukuliwa pamoja: uwezekano wa hitilafu hiyo kutokea, na hasara itakayoletwa ikitokea. Tunavichanganya vitu hivi kila siku, na kwenye habari za Titan vilichanganywa vibaya sana.

Titan yenyewe inatupa mfano mzuri. Katika safari ya mwaka 2022 iliyorekodiwa na kituo cha BBC, chombo kilifika karibu na mabaki ya Titanic, na mwendeshaji alipojaribu kusonga mbele kikaanza kuzunguka papo hapo. Ilibainika kwamba rafadha mojawapo ilikuwa imefungwa kinyume, hivyo moja ilisukuma mbele na nyingine nyuma. Wenzao walio juu wakatafuta njia ya kubadili mpangilio wa vitufe vya pedi, na chombo kikaendelea na safari. Hii ni hitilafu kamili ya usukani, mita elfu kadhaa chini ya bahari. Haikuua mtu, kwa sababu chombo chenye mwendo mdogo ambacho kinaweza kudondosha vyuma na kupanda kina muda wa kufikiri. Na hiyo pedi inayodharauliwa ndiyo iliyowaokoa na usumbufu, maana mpangilio wake ulibadilika kirahisi.

Tuangalie pia kwamba hakuna kilichovunjika. Kila kipande kilikuwa kizima na kilifanya kile kilichotengenezewa kufanya, ila kilifungwa vibaya, kisha chombo kikashushwa bila mtu kujaribu kila rafadha na kuangalia inasukuma upande gani. Makosa ya mkono wa fundi namna hii ni sehemu kubwa ya kazi ya kutathmini hatari, na mara nyingi ndiyo inayosahaulika, kwa sababu vitabu vya viwandani vimejaa takwimu za vyuma vinavyochoka kuliko za watu waliochoka.

Na kuhusu pedi, jeshi la wanamaji la Marekani nalo linatumia pedi za Xbox katika nyambizi zake. Ya kwanza kuanza kazi ikiwa na pedi hizo ilikuwa USS Colorado, mwaka 2018. Tuseme ukweli wote: kule pedi inazungusha mlingoti wa kamera unaochungulia juu ya maji, haigeuzi mapezi. Mtu aliyeamua hivyo alijiuliza swali lile lile la hitilafu na hatari. Pedi ya kamera ikifa unachukua nyingine kwenye droo, na nyambizi haijaondoka kwenye njia yake.

Pezi likikwama

Sasa tuje kwenye hitilafu inayowanyima usingizi wasanifu wa nyambizi: mapezi ya tezi yaliyolala kukwama yakiwa yameelekeza chombo chini, huku chombo kikiwa kwenye mwendo mkubwa.

Chukua nyambizi inayokwenda noti 20, yaani maili 20 za bahari kwa saa. Hizo ni mita 10 na kidogo kwa sekunde. Omo ikiinama digrii 30, nusu ya mwendo huo inageuka kuwa mwendo wa kushuka: mita 5 kwa sekunde. Ikiwa kati ya pale ilipo na kina ambacho gamba litapondeka kuna mita 200, waliomo wana sekunde 40. Ndani ya sekunde hizo ni lazima mtu agundue kwamba pezi limekwama, aamini anachokiona, atoe amri, amri isikike, na vyuma vikubwa viitikie. Nyambizi yenye urefu wa mita 100 ikiinama hivyo, omo iko mita 50 chini zaidi ya tezi, kwa hiyo kina kinachosomwa katikati ya chombo si kina cha omo.

Punguza mambo mawili tu uone. Mwendo ukiwa noti 10 na mwinamo ukiwa digrii 10, kasi ya kushuka ni chini kidogo ya mita moja kwa sekunde. Mita zile zile 200 sasa zinachukua karibu dakika 4. Chombo ni kile kile, pezi ni lile lile na hitilafu ni ile ile, lakini hatari ni tofauti kabisa.

Kwa sababu hiyo nyambizi za kijeshi hupewa chati za mipaka. Chati inasema: kwenye kina hiki usizidi mwendo huu, na kwenye mwendo huu usigeuze pezi kupita digrii hizi. Mipaka hiyo huchorwa kwa kudhani kwamba pezi limekwama wakati mbaya kuliko wote, kisha kupiga hesabu kama hatua za dharura zitawahi. Hatua zenyewe ni chache: kurudisha rafadha nyuma ili kuua mwendo, kupuliza hewa kwenye matangi ya omo ili iinuke, na kujaribu kuligeuza pezi kwa njia ya akiba. Pia kuna mpaka wa upande wa juu, kwa sababu nyambizi inayopanda bila kudhibitiwa inaweza kuibukia chini ya meli.

Si hesabu za karatasini peke yake. Tarehe 11 Februari 1969, nyambizi ya Marekani USS Chopper ilikuwa mazoezini karibu na Guantanamo, Cuba. Umeme ulizimika ghafla. Omo ikaanza kuinama, mawasiliano kati ya chumba cha uendeshaji na chumba cha mota yakakatika, na chombo kikaenda chini kikiwa kimeinama kwa takriban digrii 45. Mafundi wa chumba cha mota walirudisha mota nyuma bila kungoja amri ambayo isingewafikia, na matangi yakapulizwa hewa. Omo ilifika kina cha zaidi ya mita 300, zaidi ya mara mbili ya kina ambacho nyambizi hiyo ilijengwa kukifikia, ndipo ikaanza kupanda. Ilipanda kwa kasi kiasi cha kutoka nje ya maji karibu wima kabla ya kuanguka tena. Mabaharia wote walinusurika. Chopper yenyewe iliharibika na kuondolewa kwenye jeshi mwaka huo huo.

Tukio lile lina funzo kuhusu watu ambalo haliingii kwa urahisi kwenye jedwali. Hatua iliyosaidia kuiokoa nyambizi ilichukuliwa na watu waliokuwa mbali na usukani, waliohisi sakafu ikiinama na kuelewa maana yake.

Jedwali, na uongo unaoweza kujificha ndani yake

Wahandisi wanaanzia wapi? Njia kongwe inatokana na utaratibu wa jeshi la Marekani ulioandikwa mwaka 1949. Unachukua mfumo mzima, unautenganisha kipande kwa kipande, na kwa kila kipande unauliza: kinaweza kuharibika kwa namna zipi, na kikiharibika hivyo nini kinafuata?

Kwa pezi moja tu, majibu ni mengi kuliko mtu anavyodhani. Linaweza kukwama lilipo. Linaweza kukwama likiwa limegeuka hadi mwisho. Linaweza kulegea likafuata maji yanakokwenda. Linaweza kutii amri, lakini kwa kuchelewa, na kuchelewa kwa sekunde mbili kunatosha kumfanya mwendeshaji au kompyuta iongeze amri kupita kiasi, kisha kuirudisha kupita kiasi, mpaka chombo kianze kupanda na kushuka kwa mawimbi yanayozidi kukua. Na linaweza kudanganya: kihisi, yaani kifaa kinachopima pezi limegeuka kiasi gani, kinaonyesha digrii 0 wakati pezi liko digrii 15.

Hiyo ya mwisho naiogopa kuliko zote. Pezi lililokwama waziwazi linakupa nafasi ya kupambana. Kihisi kinachodanganya kinamfanya mtu mwenye akili timamu achukue hatua iliyo kinyume cha inayotakiwa, huku akiamini anaokoa chombo. Ndiyo maana mifumo mizuri haitegemei neno la kihisi kimoja. Inalinganisha: pezi linasema liko sawa, lakini omo inainama na kina kinaongezeka, basi kuna mmoja anayesema uongo.

Baada ya kuorodhesha, kila namna ya kuharibika hupewa alama tatu, kwa kawaida kati ya 1 na 10: ubaya wa matokeo, uwezekano wa kutokea, na ugumu wa kuigundua mapema. Alama hizo huzidishwa, na zenye jibu kubwa hushughulikiwa kwanza.

Kuna mtego hapa, na ripoti nyingi zinaangukia humo. Chukua hitilafu ya kuua: ubaya 10, uwezekano 2, ugumu wa kugundua 2. Jibu ni 40. Chukua nyingine ya usumbufu tu: ubaya 4, uwezekano 5, ugumu 5. Jibu ni 100. Ukifuata hesabu kwa upofu, utashughulikia usumbufu na kuacha kifo kikisubiri zamu yake. Namba hizi hazikupimwa kwa mizani, ni maoni ya watu yaliyovalishwa tarakimu. Mkaguzi makini huzitenga kwanza hitilafu zote za kuua, haidhuru jibu lake ni ngapi, na kuziangalia peke yake.

Njia ya pili inakuja kutoka upande wa pili. Badala ya kuanza na kipande, unaanza na janga lenyewe, kwa mfano "chombo kimepita kina chake cha mwisho", kisha unauliza ni nini kingeweza kulileta, na hicho nacho kililetwa na nini, mpaka mchoro unatawanyika kama mti uliopinduliwa. Matawi yake huunganishwa kwa maneno mawili, "au" na "na". Penye "au", jambo moja linatosha kuleta balaa. Penye "na", ni lazima mawili yatokee pamoja. Mhandisi anatafuta matawi yenye "au" mengi karibu na kilele, kwa kuwa hapo ndipo chombo kinaning'inia kwa uzi mmoja.

Akiba isiyo akiba

Jibu la haraka ni kuongeza vifaa vya akiba: pampu moja ya haidroliki, inayosukuma mafuta yanayogeuza pezi, inaweza kufa, weka mbili. Tuseme kila pampu ina uwezekano wa kufa mara moja katika safari 1,000. Zote mbili kufa pamoja, kwa hesabu ya kawaida, ni mara moja katika safari 1,000,000. Inapendeza mno machoni.

Hesabu hiyo ni ya kweli kwa sharti moja, kwamba pampu hizo hazihusiani kwa lolote. Mtu mwenye tochi mbili za kuchaji, zote zikitegemea umeme wa nyumba moja, anaweza kujiona ana akiba mpaka umeme ukatike siku tatu. Pampu mbili zinazonyonya mafuta kutoka tangi moja, zenye kichujio kimoja, zilizofungwa na fundi mmoja asubuhi moja, ziko hivyo hivyo. Tuseme kati ya kila vifo 20 vya pampu, kimoja kinatokana na chanzo kinachoziua zote mbili. Uwezekano wa kubaki bila pampu sasa ni mara moja katika safari 20,000. Umezidi mara 50 ya ule wa kwanza, na hakuna pampu iliyokuwa mbovu kuliko ilivyodhaniwa.

Maafa ya USS Thresher yalichongwa kwa namna hii. Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi hiyo ya nyuklia ilikuwa katika majaribio ya kina kirefu mashariki ya Cape Cod, Marekani. Maelezo yaliyokubaliwa na baraza la uchunguzi ni kwamba huenda bomba lilipasuka, maji yakarusha umeme, na kinu cha nyuklia kikajizima. Kinu kikizima, rafadha haisukumi, na pezi bila mwendo halina nguvu, kama tulivyoona. Tumaini lililobaki lilikuwa kupuliza hewa kwenye matangi. Lakini hewa yenye shinikizo kubwa ikitoka kwa kasi hupoa sana, na unyevu uliokuwa ndani yake uliganda kuwa barafu kwenye vichujio vya mabomba na kuziba njia. Watu 129 walikufa.

Baadaye jaribio lilifanywa bandarini kwenye nyambizi ya familia hiyo hiyo, USS Tinosa, na barafu ikaonekana ikiziba vile vile. Mfumo wa mwisho wa uokoaji haukuwa umewahi kujaribiwa kwa nguvu yake yote katika hali ambayo ungehitajika. Mwaka huo huo jeshi la wanamaji lilianzisha mpango wa SUBSAFE, unaodai ushahidi wa maandishi kwa kila bomba, kila kiungo na kila kazi ya fundi inayogusa uwezo wa kuzuia maji na uwezo wa kurudi juu. Hakuna nyambizi iliyopitishwa na mpango huo ambayo imepotea tangu wakati huo.

Wasanifu wamejaribu pia kulitibu tatizo kwa umbo. Katika nyambizi nyingi mapezi ya tezi yamepangwa kama msalaba, na yale mawili yaliyolala huendeshwa pamoja, hivyo yakikwama yamekwama yote. Sweden, tangu nyambizi zake za aina ya Sjöormen za mwishoni mwa miaka ya 1960, ilichagua mapezi manne yaliyokaa kama herufi X. Ujerumani ilifuata katika aina ya 212. Hapo, kila pezi likiwa na mtambo wake, moja likikwama matatu yaliyobaki yanaweza kulipinga. Lakini kwenye X hakuna pezi la "juu na chini" wala la "kushoto na kulia", kwani kila moja linafanya kidogo kidogo ya vyote. Mtu hawezi kuyachanganya kichwani kwa wepesi unaotakiwa, kwa hiyo kompyuta inakaa katikati ya mkono wa baharia na pezi. Hitilafu moja ya chuma imepunguzwa na nafasi ya hitilafu ya programu imefunguliwa. Kwa maoni yangu ni biashara yenye faida, ila tu programu hiyo ikaguliwe kwa ukali ule ule wa bomba.

"Haijawahi kuharibika"

Kauli hii ndiyo hatari kuliko hitilafu zote nilizozitaja. Titan ilifika kwenye mabaki ya Titanic mara 13 katika miaka ya 2021 na 2022 na kurudi salama. Je, safari 13 salama zinathibitisha nini? Tuseme chombo fulani kina uwezekano wa kuua wa moja kati ya tano kila safari, jambo ambalo hakuna mwenye akili angelikubali. Uwezekano wa chombo hicho kukamilisha safari 13 mfululizo bila ajali ni zaidi kidogo ya asilimia 5. Ni mdogo, lakini si muujiza. Rekodi safi ya safari 13 haiwezi hata kuondoa kabisa shaka ya hatari ya moja kati ya tano. Na hesabu hii inachukulia kwamba chombo kinabaki vile vile, wakati kilichochoka kinazidi kuchoka kila kinaposhuka.

Kwa vyombo vinavyojiendesha vyenyewe bila mtu, tatizo la uchache wa data ni kubwa zaidi, kwa sababu vingi vimejengwa kimoja au viwili tu duniani. Waingereza walilikabili kwa uchungu. Februari 2005, roboti yao ya utafiti Autosub2 iliingia chini ya barafu ya Fimbul huko Antaktika na haikutoka tena. Kwenye bahari ya wazi roboti ikipatwa na hitilafu inapanda juu, meli inaifuata na kuiokota. Chini ya barafu yenye unene wa mamia ya mita, kupanda juu ni kunasa. Hatua ya uokoaji inageuka kuwa njia ya kupotea.

Wataalamu wakiwemo Gwyn Griffiths na Mario Brito walikusanya hitilafu zilizorekodiwa katika safari za roboti iliyochukua nafasi yake, kubwa na ndogo, kisha wakawauliza wazoefu wa kazi hiyo swali moja kwa kila hitilafu: ikitokea hii, kuna uwezekano gani wa kukipoteza chombo? Swali liliulizwa mara nne, kwa mazingira manne: bahari ya wazi, karibu na pwani, chini ya barafu inayoelea baharini, na chini ya mwamba wa barafu nene kama ule wa Fimbul. Pezi lililokwama kwenye bahari ya wazi ni siku iliyoharibika. Karibu na pwani kuna miamba, nyavu na meli zinazopita. Chini ya mwamba wa barafu huenda ndio mwisho. Vyombo vinavyoongozwa kwa waya kutoka melini, vya aina inayotumika kufukia na kukagua nyaya za intaneti kama zile za EASSy na Seacom zinazopita pwani yetu, navyo vina udhaifu wa mazingira yao: waya wenyewe. Roboti ya waya ya Japani, Kaiko, iliyokuwa imefika sehemu yenye kina kirefu kuliko zote duniani mwaka 1995, ilipotea mwaka 2003 waya wake ulipokatika.

Kazi ile ya Waingereza ilitoa pia jambo la kutendwa. Hitilafu nyingi hujitokeza mapema baada ya chombo kuingia majini: kiungo kinachovuja, waya uliolegea, pezi lililofungwa vibaya. Basi roboti iachwe itembee kwanza kwenye maji ya wazi, meli ikiifuatilia, na iruhusiwe kuingia chini ya barafu pale tu inapokuwa imevuka kipindi hicho. Na mwenye chombo aseme kabla ya safari, kwa namba, ni kiasi gani cha uwezekano wa kukipoteza anachokikubali, ili siku ya safari wenye shauku ya sayansi wasije wakaamua kwa shauku.

Januari 2009, roboti mpya ya Autosub3 ilipelekwa kwenye barafu ya Pine Island, Antaktika magharibi. Iliingia chini mara 6, ikasafiri takriban kilomita 510 gizani, ikifika hadi kilomita 60 ndani, na ikarudi kila mara. Ilileta ramani ya kilima kirefu kilichojificha kwenye sakafu ya bahari chini ya barafu hiyo, ambacho barafu ilikuwa imekiegemea zamani kabla ya kuachana nacho na kuyaruhusu maji ya uvuguvugu kupita juu yake kwenda kuiyeyusha kutokea ndani.